Ardis wa Vitabu vya Trekta

Ukitaka kumuudhi Ardis Tollefson, mpigie simu umwambie una trekta la bustani la zamani, la rangi nyekundu, limeandikwa namba fulani kwenye boneti, na unaomba kitabu chake cha ufundi. Kisha atakuuliza kwa ule upole wa watu wa Wisconsin, upole wenye wembe ndani, "Hivi boneti ndiyo inayoendesha trekta, baba?" Utababaika. Atakuagiza uende bandani, uinue kiti, ufute grisi kwa kitambaa, usome namba iliyogongwa kwenye kibati cha chini, ndipo umpigie tena. Maana boneti hushikwa na boliti nne tu, na trekta la miaka hamsini huenda limekwisha kuvaa boneti za marehemu wenzake watatu. Kibati hakihami.

Watu walimtii, kwa sababu alikuwa na haki ya kutiiwa. Alisimama miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta ya vipuri katika duka la matrekta ya Lundahl, matrekta madogo yaliyoundwa kwenye mji wa jirani, katika kiwanda ambacho siku hizi ni ghala la kuhifadhia mashua za matajiri. Duka nalo lilipofungwa, mwenyewe alikodi pipa la taka lenye ukubwa wa chumba, akaanza kutupa humo makaratasi yote. Ardis alikuwa na miaka hamsini na saba. Aliweka ngazi, akapanda, akaingia pipani na sketi yake ya kazini, akaanza kurusha vitabu nje huku bosi wake akimsihi ashuke kabla hajavunja nyonga. Alishuka saa tisa alasiri, nywele zimejaa vumbi, na masanduku arobaini na moja yakiwa yamejipanga kwenye lami.

Masanduku hayo yaliingia katika chumba cha chini ya nyumba yake, kando ya chupa za matango ya siki, na hapo ndipo maisha yake ya pili yalipoanza. Barua zilikuja kutoka Ohio, kutoka Pennsylvania, hata kutoka kwa bwana mmoja wa Kanada aliyeandika kwa wino wa kijani. Wote walikuwa na shida ile ile. Walikuwa na trekta la babu au la baba, limekufa, na hawakuwa na kitabu. Au walikuwa nacho, lakini sicho. Hapa Ardis alikuwa hana subira kabisa. Kuna kijitabu cha mwenye trekta, ambacho hukufundisha kumwaga oili na kukukanya usimpakate mtoto. Kuna orodha ya vipuri, picha tupu na namba. Na kuna kitabu cha ufundi chenyewe, kilichoandikiwa mafundi wa kiwanda, chenye vipimo, mpangilio wa kufungua na kufunga, na jedwali la nguvu za kukazia boliti. Watu hununua kile cha kwanza wakidhani wamepata cha tatu, halafu wanalia.

Kitabu kizuri alikijua kwa uchafu wake. Akipewa kitabu cheupe kama shuka la hoteli, alikiweka pembeni. "Hiki hakijawahi kumsaidia mtu," alisema. Alipenda kile ambacho ukurasa wa giaboksi umeingia weusi wa vidole mpaka pembe zimelainika kama ngozi, na fundi fulani ameandika kwa penseli pembeni, *hapa uwe na roho ngumu*.

Mumewe Harlan hakuwa na habari na penseli. Walikutana kwenye kaunta ile ile, mwaka wa sitini na tisa. Yeye alikuwa kijana mrefu wa kiwanda cha jibini, mchana akigeuza maziwa, jioni akitengeneza matrekta ya majirani. Alikuja kuulizia springi, akaonyeshwa kitabu, akakitazama kitambo, akasema ameacha miwani nyumbani, je, dada angeweza kumsomea? Ardis alimsomea. Wiki iliyofuata miwani ilikuwa imesahauliwa tena. Baada ya miezi mitatu Ardis alikuwa ameshaelewa kwamba miwani haipo, haijawahi kuwepo, na kwamba kijana huyu mwenye macho ya kuhesabu kunguru juu ya ghala la jirani alimaliza shule bila herufi kukubali kutulia mbele yake. Hakumwambia kitu. Alipomaliza kazi Ijumaa moja alichukua kitabu cha duka, akaenda kwenye banda la Harlan, akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kusoma. Walioana majira ya kuchipua.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Jioni Ardis anasoma juu ya ndoo, kwa sauti yake ya kanisani, ya polepole, akitua kila penye nukta. Harlan amejilaza chini ya trekta la mtu, miguu ndiyo inayoonekana. Kitabu cha Lundahl 110, trekta lililojaa wilaya nzima kama panya, alikisoma labda mara mia mbili.

Lao wenyewe lilikuwa kubwa zaidi kwa heshima. Lilikuwa 112. Harlan alilileta kutoka mnadani mwaka wa sabini na tisa, na Ardis alipoiona ile namba ubavuni mwa boneti alipiga kelele, akatupa taulo la vyombo, akamrukia mumewe shingoni mbele ya majirani, jambo ambalo Walutheri wa kule hawalifanyi hata arusini. Maana 112 liliundwa mwaka mmoja tu, machache mno. Kwa nje ni pacha wa 110. Ndani ni mambo mengine. Tangu siku hiyo Ardis hakuacha kulitaja. Kwenye mikutano ya wapenzi wa matrekta ya zamani alisimama kando yake kama mama wa bwana harusi. Harlan yeye alinyamaza tu, akifuta rejeta ambayo haikuwa na vumbi.

Kwa trekta hilo Harlan alikata majani ya makaburi ya kanisa kwa miaka thelathini na minne, bila kuombwa na bila kushukuriwa sana. Wazazi wake wako pale. Na kwenye safu ya mwisho, chini ya jiwe lisilozidi ukubwa wa mkate, yupo binti yao Solveig, aliyeishi siku tatu. Hapo Harlan alikuwa akizima trekta, anashuka, anapunguza majani kwa mkasi.

Januari kiharusi kilimpiga Harlan akiwa na miaka sabini na saba. Kilimchukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya mguu wa kulia, na kikamchukua maneno. Kilimwachia neno moja, "sawa", na hilo alilitumia kwa kila kitu. Sawa ya ndiyo, sawa ya hapana, sawa ya chai imepoa, sawa ya niacheni. Mtaalamu wa kufundisha kusema alikuja kila Jumanne na kadi za picha, anamwonyesha paka, anamwonyesha kijiko. Harlan alizitazama kwa adabu. Ardis alisimama jikoni akisikiliza sawa, sawa, sawa, na moyo ukimuuma kwa namna ambayo hakumsimulia mtu.

Theluji ilipoisha alikwenda bandani kuliwasha trekta. Alikuwa na mpango. Matrekta mapya yote huendeshwa kwa kanyagio la mguu wa kulia. Lundahl linaendeshwa kwa mti mmoja wa chuma ulio upande wa kushoto wa usukani: sukuma mbele, linakwenda, vuta nyuma, linarudi. Mtu mwenye mkono mmoja wa kushoto anaweza. Daktari alikuwa amekubali, mradi afungwe mkanda na Ardis atembee kando yake. Injini ilikohoa, ikawaka. Ardis akasukuma mti. Magurudumu yalibaki palepale. Akasukuma tena, akavuta, akatukana Kinorwe, lugha aliyoirithi kwa ajili hiyo tu. Injini iliimba vizuri na trekta halikwenda popote.

Verdell Haugen, binamu yake Harlan na mwenyekiti wa baraza la kanisa, alifika wiki hiyo hiyo na bakuli la viazi vya kuoka, uso umemshuka.

"Shemeji, baraza limekaa," alisema.

"Limekaa, limeinuka?"

"Shemeji, usianze."

"Sijaanza. Lete hilo bakuli, usije ukaliangusha kwa aibu."

Verdell alikaa kwenye ncha ya kiti. "Watu wanasema majani makaburini yanapanda. Siku ya Kumbukumbu ndiyo hiyo inakuja mwisho wa Mei, askari wazee wataleta bendera zao. Kuna kampuni ya mjini, wana mashine kubwa, kwa saa moja wamemaliza."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa."

"Zinapita katikati ya mawe ya safu ya mwisho?"

Verdell alitazama viazi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mikutano. "Wamesema mawe madogo wanaweza kuyalaza chini, yawe sawa na ardhi, halafu wanapita juu," akasema taratibu. "Shemeji, hata mimi sikupenda. Nimewaomba wangoje. Ijumaa kabla ya Siku ya Kumbukumbu, kama Harlan amekata, hakuna kampuni. Kama hajakata, Jumamosi wanakuja."

Kwenye kiti chake dirishani Harlan alisema, "Sawa." Hiyo ilikuwa sawa ambayo Ardis hakuwahi kuisikia, na ilimfanya aende kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa basi, cheka ukitaka. Mwanamke mwenye masanduku arobaini na moja ya vitabu alikosa kimoja tu, nacho ndicho alichokihitaji. Kitabu cha 112 duka lilikuwa na nakala moja. Iliazimwa mwaka wa sabini na nne isirudi, na aliyeiazima Ardis anamjua kwa jina, amekufa, na bado hajamsamehe. Giaboksi lao halijawahi kuharibika, kwa hiyo hakukihitaji. Sasa alikihitaji na wiki zilikuwa sita.

Alipiga simu kwa watu wote aliowahi kuwasaidia. Alitangaza kwenye jarida la wapenzi wa matrekta. Bwana mmoja wa mtandaoni alimuuzia nakala ya fotokopi: kurasa zimelala upande, michoro myeusi kama mkate ulioungua, na kurasa za thelathini na moja hadi thelathini na nane hazipo. Zilizokosekana ni za giaboksi, tena kurasa hizo tu. Bahasha nyingine ilikuja kutoka Indiana kwa mbwembwe nyingi, akaifungua, ndani mna kijitabu cha kumwaga oili na kutopakata mtoto.

Wakati wote huo Harlan alikuwa na jambo lake. Kila Ardis alipotaja 112 kwenye simu, yeye alipiga kiti chake kwa kiganja cha kushoto. Pa, pa, pa. "Kiti kinakuumiza?" Ardis alimuuliza. "Sawa!" akajibu kwa hasira. Akamletea mto. Siku ya pili akapiga tena, akaletewa mto wa pili. Kufikia mwisho wa Aprili maskini alikuwa amekaa juu ya mito mitatu kama sultani, na bado anapiga.

Katikati ya Mei simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, kutoka Iowa.

"Mimi Eldon Pruess. Kitabu cha 112 ninacho."

Ardis alishika ukingo wa meza. "Cha ufundi? Si cha kumwaga oili?"

"Mama, nina miaka themanini na moja. Tofauti naijua."

"Unauza?"

"Siuzi. Wala sitii kitu kama hicho kwenye posta. Ukikitaka, njoo nikuone."

Walikwenda, mwendo wa saa tano, Harlan mbele na mito yake. Alipiga kiti cha gari tangu Mto Mississippi mpaka kwa Eldon. Mzee yule aliwapokea kwa kahawa na mahindi matamu, kisha akaenda kwenye friza, akasogeza mifuko ya mahindi na mguu wa kulungu, akatoa kitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili.

"Kwenye friza?" Ardis aliuliza.

"Panya hawafiki. Moto haufiki. Mke wangu alikuwa hapendi. Ameshakufa, kwa hiyo sasa hana la kusema."

Alikiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja kumtazama mgeni. Ardis alikifungua moja kwa moja kwenye jedwali la nguvu za kukazia, akakinusa, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa giaboksi. Ulikuwa mweusi.

"Huyu alifanya kazi," akasema.

"Ni mimi huyo," Eldon akajibu, na masikio yake yakawa mekundu. Akamgeukia Harlan aliyekuwa anatazama dirishani, kichwa amekigeuza mbali na kitabu kama mtoto anayekataa dawa. "Na mzee mwenzangu hataki hata kukiona?"

"Amechoka tu safari."

"Kichukue, mama. Kirudishe Juni. Usipokirudisha nitakuja mwenyewe, na huwa sina haraka ya kuondoka."

Jumatatu asubuhi Ardis alivaa ovaroli ya Harlan, akakunja mikono, akafungua kifuniko cha nyuma cha giaboksi. Hakuwahi kufanya kazi hiyo kwa mikono yake. Alikuwa ameisoma maisha yake yote na hakuwahi kuishika, na haikumchukua muda kuona kwamba hayo ni mambo mawili. Kitabu cha Eldon kilieleza wazi: kuna vali mbili, moja kila upande, kila moja ina goroli na springi. Ukiona trekta halisogei, springi imevunjika. Akatafuta. Akaipata moja. Ya pili haikuwepo. Alimulika tochi, akaingiza vidole mpaka kwenye kifundo, akasoma upya, akageuza mchoro juu chini. Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Alianza kuamini kwamba yeye ni bibi kizee mpumbavu aliyewaamrisha mafundi nusu ya nchi kwa mambo asiyoyajua.

Alhamisi mchana alikaa juu ya ndoo, akalia. Si kilio cha adabu. Alililia jiwe dogo la safu ya mwisho, akalilia zile kadi za paka na kijiko, akayalilia hata matango ya siki, ambayo Harlan ndiye aliyekuwa akiyafungua.

Alisikia fimbo. Harlan alikuwa ametoka nyumbani peke yake, ngazi tatu za kibaraza na changarawe yote, na sasa amesimama mlangoni mwa banda akihema. Alifika kwenye trekta. Akakipiga kile kiti cha chuma kwa kiganja. Pa, pa, pa.

"Unataka kukaa, mume wangu? Haliendi. Nimeshindwa, unasikia? Nimeshindwa."

"Sawa!" Harlan alifoka. Akaitupa fimbo. Akashika kiti kwa mkono wa kushoto, akakiinua juu, na kwa kidole gumba akaanza kukwangua grisi iliyoganda chini yake, nene kama jibini la mwaka jana.

Ardis aliinuka. Alichukua kitambaa. Alifanya kile alichowaamuru watu wengine kwa miaka arobaini na saba, akafuta kibati, akainama, akasoma.

110.

Harlan alikuwa anatazama chini.

"Boneti," Ardis alisema hatimaye. "Ulilinunua halina boneti."

"Sawa," Harlan akasema, kwa sauti ndogo mno.

"Ukaokota boneti ya 112 kwenye vyuma chakavu."

"Sawa."

"Miaka thelathini na saba, Harlan! Nimemtambia Verdell! Nimemtambia mchungaji! Nimesimama Ohio mbele ya watu mia mbili na kipaza sauti, na wewe upo hapo nyuma unafuta rejeta!"

Ndipo alipojiona mwenyewe siku ile ya mnada, taulo limeruka, mikono imezunguka shingo ya mumewe, na akaelewa kwamba Harlan alifungua mdomo kumwambia na hakuweza. Nani angeweza? Aliichukua ile furaha ya mkewe akaikalia kwa miaka yote hiyo, akaipaka grisi juu ili isitoke. Na tangu Aprili alikuwa anajisaliti mwenyewe kwa kiganja kimoja, akaletewa mito. Ardis alicheka mpaka akalazimika kushika usukani, na bega zima la kushoto la Harlan likawa linatikisika pamoja naye.

Kitabu cha 110 alikuwa nacho, nakala tatu, chini ya nyumba, sanduku la kwanza kushoto. Alichukua kile kichafu kuliko vyote. Vali ni moja. Springi yake ilikuwa imekatika vipande viwili, na springi za 110 alikuwa nazo chupa nzima. Alimkalisha Harlan kwenye ndoo, akaegemeza kitabu kwenye kopo la rangi, akapiga magoti.

Alijisomea kwa sauti, kwa mazoea tu. "Toa goroli. Safisha kiti chake. Angalia kama kina mkwaruzo." Akafanya. "Weka goroli mahali pake. Weka springi mpya juu yake." Akaibana springi kwa vidole vya mikono yote miwili, maana ukiiachia inaruka mpaka kwa jirani. "Kabla ya kurudisha kifuniko, hakikisha..."

Upepo ulipita mlangoni ukafunua kurasa kumi. Ardis alibaki na springi vidoleni, hawezi kunyoosha mkono, hawezi kuachia. Alijaribu kukumbuka.

"Kabla ya kurudisha kifuniko, hakikisha..." akarudia.

"Hakikisha washa ya shaba ipo chini ya springi," sauti ya Harlan ikasema nyuma yake. "Isipokuwepo, springi itakatika tena."

Ilikuwa nzito, yenye kutu, na ilitua kila penye nukta. Ilitua mahali palepale Ardis anapotua.

Hakugeuka. Aliogopa akigeuka itakatika. Alitazama kisahani sakafuni, na ndani yake ilikuwepo ile washa, pete ndogo ya shaba aliyoisahau kabisa. Akaitia. Springi ikamtoroka mara mbili.

"Rudisha kifuniko," akasema, kama mtu anayejaribu barafu ya ziwa kwa mguu.

"Rudisha kifuniko na gasketi mpya, kavu. Kaza boliti zote sita kwa vidole kwanza. Kisha kwa mpangilio wa msalaba. Usilazimishe."

Kwa mpangilio wa msalaba Ardis alikaza, machozi yakimdondokea kwenye spana. Saa kumi alipanda kitini, akawasha, akasukuma mti wa kushoto, na trekta likaenda mbele mwendo wa yadi tatu, mpaka kwenye jua la nje, kisha likarudi. Kesho yake Ijumaa Harlan alikata safu zote kumi na tisa, mkanda umemfunga na Ardis akitembea kando, na Verdell aliusimamia mlango wa makaburi kama askari ili mtu asiwaharakishe.

Lakini hiyo ni kesho. Alhamisi ile, trekta likiwa zima, injini imezimwa na hakuna kilichobaki ila kunawa mikono na kula, Ardis alitazama ndoo. Harlan alikuwa ameketi pale, mdomo umefungika tena, uso umeanza kurudi katika ile hofu ya kadi za Jumanne.

Ardis alichukua spana. Akapiga magoti nyuma ya trekta, akafungua boliti sita, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kisahani. Akatoa kifuniko. Akafunga kitabu, akakisukuma mbali kwa kiwiko.

"Hapa sijashika vizuri," akasema. "Tuanze tangu mwanzo."

Harlan alizitazama boliti, akamtazama mkewe. Alijua wazi kwamba trekta halina tatizo lolote. Akavuta pumzi, akaanza na ukurasa wa kwanza.